Hewa Nyepesi, Hesabu Tatu: Triathloni Inavyobadilika Ukipanda Mlimani

Ukipanda basi Dar es Salaam kwenda Njombe, nunua paketi ya krispi kituoni na usiifungue. Mpaka Morogoro haina neno. Basi likishamaliza mlima Kitonga na kuikaribia Iringa, paketi imeanza kuvimba. Ukifika Njombe, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, imetuna kama mpira, ukiigusa inalia. Hakuna aliyeijaza hewa. Hewa iliyo ndani ni ileile ya Dar. Ya nje ndiyo iliyolegea, haiibani tena kama mwanzo.

Naanza na paketi hii kwa sababu wenzangu wengi wanaojiandaa kwa triathloni za milimani huniambia jambo moja: "Kule juu oksijeni ni kidogo, kwa hiyo nitapunguza mwendo." Si uongo, ila ni nusu ya habari, na nusu iliyobaki ndiyo inayowaangusha watu. Triathloni ni kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia, na hewa ya mlimani inaifanyia kila sehemu jambo lake. Sehemu moja inanyang'anywa bila fidia. Nyingine inanyang'anywa huku na kurudishiwa kidogo kule. Ya tatu inapokea madeni ya zile mbili.

Tuanze na oksijeni yenyewe. Hewa ya ufukwe wa Bagamoyo na hewa ya kilele cha Uhuru zina oksijeni kwa kiwango kilekile, asilimia 20.9. Kinachotofautiana ni mgandamizo. Hewa ina uzito, na uzito wa ile iliyo juu yetu ndio unaoisukuma oksijeni ipenye kuta nyembamba za mapafu iingie kwenye damu. Kadiri unavyopanda, hewa iliyobaki juu yako inapungua, na ule msukumo unalegea.

Chukua mashindano matatu. Rubavu, mji wa Rwanda ulio ufukweni mwa Ziwa Kivu, uliandaa Ironman 70.3 kwa mara ya kwanza mwaka 2022: kilomita 1.9 za kuogelea, 90 za baiskeli na 21.1 za kukimbia. Ziwa lenyewe liko mita 1,460, na mgandamizo wa hewa pale ni kama asilimia 84 ya ule wa pwani. Alpe d'Huez, katika milima ya Alps nchini Ufaransa, ina triathloni tangu 2006, na sehemu ya kukimbia iko kwenye mita 1,850 hivi, ambako mgandamizo ni asilimia 80. Uswisi kuna Inferno, ambayo njia yake maarufu humtoa mtu Ziwa Thun, mita 558, na kumfikisha kilele cha Schilthorn, mita 2,970. Pale juu imebaki asilimia 70 tu. Rubavu unaanza ukiwa tayari juu, Alpe d'Huez unapanda juu katikati, Inferno unakutana na hewa nyepesi zaidi wakati ambapo umeshachoka kabisa. Tofauti hizo zina uzito kuliko namba za mwinuko peke yake.

Ndani ya mwili mambo huenda hivi. Chukulia chembe nyekundu za damu ni daladala, na mapafu ni kituo. Ukiwa umepumzika, kila daladala inasimama kituoni kama robo tatu ya sekunde, na huo ni muda wa kutosha kujaza viti vyote. Unaposhindana moyo unapiga kwa kasi, daladala zinapishana mbio, kila moja inasimama nusu ya muda ule au pungufu. Pwani hilo si tatizo, kwa sababu abiria wamefurika wanasukumana mlangoni. Mlimani abiria wanakuja mmojammoja, konda anagonga bodi, gari linaondoka na viti vitupu.

Ndiyo maana mtu hufika Alpe d'Huez jioni, akatembea madukani, akanywa kahawa, akaona hewa ni ya kawaida kabisa. Hajadanganyika. Akiwa ametulia daladala zake zinajaa. Kesho yake akianza kusukuma pedali ndipo anapojiuliza nani amembadilishia miguu usiku.

Mfano huohuo unaeleza jambo linaloshangaza wengi: mwanamichezo hodari hupoteza zaidi. Moyo wake uliokomaa unasukuma damu nyingi kwa dakika, kwa hiyo muda wa kusimama kituoni ni mfupi zaidi. Kwa makadirio yanayotumika sana, kiwango cha juu cha oksijeni ambacho mwili unaweza kutumia hushuka kwa asilimia 6 hadi 7 kwa kila mita 1,000, na kwa waliofanya mazoezi mengi upungufu huonekana hata kabla ya kufika mita 1,000. Kwa hiyo usimcheke bingwa wa klabu yenu akitangulia kuhema.

Ushahidi wa wazi kuliko wote ni wa Mexico City, iliyo mita 2,240. Kwenye Olimpiki ya 1968 Naftali Temu wa Kenya alishinda mita 10,000 kwa dakika 29:27.4. Rekodi ya dunia wakati huo ilikuwa 27:39.4, ya Mwaustralia Ron Clarke. Clarke mwenyewe alikuwemo katika mbio hizo, akamaliza wa sita na kuanguka akiwa amepoteza fahamu. Siku chache baadaye Kipchoge Keino akamwacha mbali Mmarekani Jim Ryun katika mita 1,500. Wakimbiaji waliozaliwa na kukulia bondeni waliadhibiwa siku zile.

Miaka minne baadaye, mwaka 1972, Eddy Merckx wa Ubelgiji alisafiri mpaka mji huohuo kwa hiari yake. Alitaka kuvunja rekodi ya saa moja ya baiskeli, yaani umbali mrefu zaidi ambao mtu ameendesha ndani ya saa moja, akaivunja kwa kilomita 49.431. Alikwenda kule kwa ajili ya hewa ileile iliyomwangusha Clarke.

Inawezekanaje hewa moja imvunje mkimbiaji na kumbeba mwendesha baiskeli? Fundo lenyewe ni hilo.

Majini hakuna fidia

Merckx alifaidika kwa sababu hewa ya Mexico City ni nyepesi kwa karibu moja ya tano kuliko ya pwani, na mwendesha baiskeli anayekwenda kasi kwenye tambarare hutumia sehemu kubwa ya nguvu zake kuipasua hewa. Injini ilipungua nguvu, lakini upinzani ulipungua zaidi.

Mwogeleaji hana bahati hiyo. Maji hayawi mepesi mlimani. Maji ya Kivu yanakuzuia sawasawa na bwawa la Dar es Salaam. Kwa hiyo oksijeni imepungua, upinzani uko palepale.

Kuna jingine, na kwangu hili ndilo gumu kuliko yote matatu: majini huwezi kuhema unavyotaka. Kwenye baiskeli ukiishiwa pumzi unapanua mdomo na kuvuta hewa mara hamsini kwa dakika. Katika kuogelea pumzi inafuata mkono. Waliozoea kuvuta pumzi kila baada ya mikono mitatu hugundua ndani ya mita 100 za kwanza kwamba mpango huo umekufa. Mwili unadai hewa, uso uko majini, na hofu inaingia. Hofu inaongeza mapigo, mapigo yanadai hewa zaidi.

Pale Alpe d'Huez baridi inazidisha mambo. Kuogelea hufanyika Lac du Verney, bwawa la kuzalisha umeme ambalo hupokea maji ya milimani na ambalo siku za kawaida haliruhusiwi kuogelewa. Maji ya baridi yakigusa kifua, pumzi hukatika yenyewe kisha huja kwa vishindo, hata kwa mtu mwenye moyo mgumu. Hali hiyo hupoa baada ya dakika moja au mbili. Anayejua hilo huingia mapema inaporuhusiwa, huruhusu maji yaingie kidogo shingoni mwa vazi la mpira, huelea, husubiri. Asiyejua huanza kwa kasi pamoja na kundi, na mita 200 baadaye yuko chali anatafuta mtumbwi wa uokoaji.

Ushauri ninaousimamia bila kuyumba: mlimani vuta pumzi kila baada ya mikono miwili tangu mkono wa kwanza, na dakika tano za mwanzo ogelea kana kwamba unamsindikiza mtoto. Deni la oksijeni linaloingiwa majini pwani hulipika ukiwa unabadilisha viatu. Mlimani linapanda nawe baiskeli.

Baiskeli: faida ambayo njia inaikataa

Mtu akisikia habari ya Merckx anaweza kudhani baiskeli ya mlimani ni zawadi. Ingekuwa hivyo kama njia ingekuwa tambarare. Pale Rubavu hewa ni nyepesi kwa asilimia 13 hivi, na penye tambarare kweli unaona saa inaonyesha kasi nzuri kwa nguvu ndogo. Lakini mlima ukianza na kasi ikashuka hadi kilomita 10 kwa saa, hewa haina tena usemi mkubwa. Unachopigana nacho ni uzito wako, na uzito haupungui kwa mwinuko wowote ambao baiskeli inaweza kufika. Hapo umebaki na injini iliyopungua bila fidia, kama majini.

Rwanda ilitoa somo hilo mbele ya macho ya dunia Septemba 2025, katika mashindano ya dunia ya baiskeli mjini Kigali, karibu mita 1,500. Mbio za wanaume zilikuwa kilomita 267.5 za kupanda na kushuka. Tadej Pogačar alishinda, na waliofika mwisho walikuwa 30 tu. Sitasema mwinuko peke yake ndio uliowatoa wengine. Urefu, vilima visivyokwisha na joto vilikuwemo. Ila hivyo vyote huuma zaidi pale ambapo kila unapojikaza unapata hewa pungufu ya kujirudishia.

Barabara ya kupanda Alpe d'Huez inaonyesha mtego huo vizuri kuliko njia yoyote ninayoijua. Ni kilomita 13.8, mpando wa wastani wa asilimia 8.1, kona 21. Kila kona ina kibao chenye namba, na namba zinahesabiwa kurudi nyuma: 21 iko chini, 1 iko juu. Sehemu kali kuliko zote ni kilomita mbili za mwanzo, zikitoka Bourg d'Oisans, mita 720 hivi. Mwanatriathloni anafika hapo akiwa ameshaendesha zaidi ya kilomita 100, lakini hewa ya bondeni bado nzito, miguu inaitika, watu wanashangilia. Anaikanyaga. Anapita kibao cha 21, cha 20, cha 19 akiwa na nguvu zake za nyumbani. Kibao cha 10 kinamkuta kwenye hewa nyingine, nguvu zilezile sasa zinamgharimu zaidi, na vibao vinaanza kuja kwa kuchelewa.

Hapa vifaa vinaweza kukupotosha. Kama pwani unaweza kushikilia wati 220 kwa saa moja, kwenye mita 1,800 uwezo huohuo umeshuka kwa karibu asilimia 10, yaani chini kidogo ya 200. Kipima nguvu, kile kifaa cha baiskeli kinachosoma wati unazosukuma, hakijui hilo. Kinakuonyesha 220 na wewe unaridhika, kumbe uko juu ya uwezo wako na saa ya kulipa inakaribia. Mapigo ya moyo nayo yanachanganya: kwenye mwendo wa wastani yanakuwa juu kuliko ulivyozoea, lakini ukomo wake wa juu unashuka. Kipimo kisichodanganya ni pumzi. Ukiweza kumwambia mtu wa pembeni sentensi nzima bila kuikata, endelea. Ikikatika mara mbili, punguza gia.

Tena usisahau mteremko. Baada ya kupanda ukitoka jasho, unashuka kwa kilomita 60 kwa saa na shati limelowa. Vidole vinakufa ganzi na breki ziko vidoleni. Koti jepesi la upepo, linaloingia mfukoni kama leso, nalihesabu kuwa kifaa cha usalama sawa na kofia ngumu.

Miguu inalipa madeni

Kukimbia peke yake mlimani kunaeleweka: punguza mwendo, vumilia. Katika triathloni unafika kwenye mbio na tumbo, damu na ngozi vyenye historia ya saa tano au nane.

Maji yamekutoka kwa njia usizoziona. Hewa ya juu ni kavu, na kila pumzi inatoka na unyevunyevu; jasho linakauka kabla hujalihisi, kwa hiyo unadhani hukutokwa nalo. Jua nalo linachoma zaidi, kwani mionzi yake inayounguza huongezeka kwa karibu asilimia 10 kwa kila mita 1,000. Mlimani mwili huegemea zaidi kwenye wanga kama nishati, na wakati huohuo hamu ya kula hupungua na tumbo, lililonyimwa damu na misuli, linakataa. Watu wengi waliokwama kwenye mbio za milimani walikwamia tumboni. Kama mazoezini umezoea gramu 60 za wanga kwa saa, anza kuzila mapema kwenye baiskeli, kidogokidogo, wakati tumbo bado linasikia.

Inferno ndiyo inayopeleka haya mbali zaidi. Kuna kuogelea, baiskeli ya barabarani, baiskeli ya milimani, kisha kilomita 25 za miguu kutoka bonde la Lauterbrunnen, kupitia kijiji cha Mürren, hadi Schilthorn. Huko mwisho hakuna anayekimbia kwa maana ya kukimbia. Watu wanatembea wameinama, viganja vimekandamiza mapaja, hatua, pumzi, hatua, pumzi. Wapagazi wa Kilimanjaro wangeutambua mwendo ule mara moja. Halijoto hushuka kwa wastani wa nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000, kwa hiyo asubuhi ya nyuzi 25 pale ziwani inaweza kuwa nyuzi 9 kileleni, upepo mbali.

Ufike lini?

Swali hili huulizwa kuliko yote, na jibu lake linategemea mambo mawili yanayotokea mwilini kwa kasi tofauti.

La kwanza huja haraka: unahema zaidi, figo zinarekebisha kemia ya damu, unakojoa sana, na maji ya damu yanapungua kwa siku kadhaa. Mtu akipima himoglobini, kile kinachobeba oksijeni ndani ya chembe nyekundu, siku ya nne hufurahi imepanda. Kumbe chembe ni zilezile, maji ndiyo yamepungua, kama mchuzi ulioachwa jikoni ukawa mzito. Usingizi nao hukatikakatika. Siku hizi ndizo mbaya za kushindana.

La pili huja polepole. Ndani ya saa chache figo zinatoa homoni ya erithropoietini, inayouagiza mwili utengeneze chembe nyekundu, ileile ambayo wadanganyifu wa baiskeli walikuwa wakijidunga. Lakini kutoka agizo hilo hadi damu kuwa na chembe nyingi kweli ni wiki tatu au nne. Ndiyo maana kambi za mazoezi za Iten, Kenya, mita 2,400, huhesabiwa kwa wiki.

Kutokana na hayo, desturi ya makocha wengi ni ama ufike wiki mbili au tatu kabla, ama ufike siku moja kabla, ushindane kabla mwili haujaanza vurugu zake. Kufika siku nne kabla "ili nizoee kidogo" ndiyo ratiba ninayoiona mara nyingi, na ndiyo mbaya kuliko zote.

Ukienda kukaa wiki nyingi, pima akiba ya madini ya chuma kabla ya kufunga begi. Mwili hautengenezi chembe nyekundu bila chuma, na wanawake hasa hufika mlimani akiba ikiwa chini. Maini, dagaa, mboga za majani zenye ndimu husaidia. Chai ya rangi pamoja na chakula huzuia chuma kufyonzwa, kwa hiyo isubiri saa moja au mbili.

Zile barakoa za mazoezi zinazouzwa kama "mlima wa kuvaa" zisikupotezee pesa. Zinafanya kuvuta hewa kuwe kugumu. Mgandamizo wa hewa unabaki wa Mombasa.

Na kuna onyo ambalo wanamichezo wetu lazima walijue. Vidonge vya asetazolamidi, ambavyo wapandaji wengi wa Kilimanjaro hutumia kuzuia ugonjwa wa mwinuko, vimo katika orodha ya dawa zilizokatazwa michezoni kwa kuwa vinaongeza mkojo. Mtalii akivimeza hana kosa. Mshindani akivimeza bila kibali cha matibabu anaweza kufungiwa.

Ugonjwa wenyewe, wa kichwa kuuma na kichefuchefu, huanza kuonekana zaidi juu ya mita 2,500, kwa hiyo Rubavu usikusumbue akili. Schilthorn ndiyo ya kuangalia. Ugumu ni kwamba dalili zake zinafanana na uchovu wa kawaida wa mashindano. Dalili mbili hazipaswi kuvumiliwa hata kidogo: kukosa pumzi hata ukiwa umekaa, hasa kukiwa na kikohozi cha povu, na kupepesuka au kuongea ovyo. Mwambie mwenzako atembee mstari ulionyooka, kisigino kikigusa kidole. Akishindwa, ateremshwe saa ileile, na nambari yake ya mashindano isiwe hoja.

Kwa mtu wa pwani asiye na wiki tatu za Iten, kuna zoezi moja ninalolipendekeza kuliko yote. Barabara ya Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33, na inakupandisha kwa karibu mita 1,000. Lala Mombo, amka alfajiri kabla ya malori. Kilomita ya kwanza ya mpando shikilia nguvu unayoweza kuongea nayo, soma kipima nguvu, andika. Karibu na Lushoto, kwenye mpando unaofanana na ule, fanya vilevile: pumzi ileile, sentensi ileile, soma tena. Sehemu ya tofauti itakuwa ni uchovu, kwa hiyo wikiendi nyingine lala Lushoto na upime juu ukiwa hujachoka. Namba hiyo ya mwisho iandike kwa kalamu nene kwenye mkanda wa gundi, uibandike kwenye usukani. Mita 1,400 za Lushoto ziko karibu sana na mita 1,460 za Rubavu.